Bwana Shamba Aliyekataa Kusamehewa

Jumatano ya tarehe 18 Machi 1992, yapata saa kumi alasiri, nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikizibua pua ya pampu ya dawa kwa kijiti cha ufagio. Naanza na jambo hilo dogo makusudi. Ninyi vijana mnaoingia sasa katika kazi ya ugani nimewaona kwa macho yangu mkizibua pua ya pampu kwa kuipuliza kwa mdomo. Msifanye hivyo. Mama aliyenipokea kazini, bibi shamba wa zamani aliyezoea kuchomeka kijiti chake ndani ya kilemba, alikuwa akisema kwamba mdomo wa mtaalamu una kazi mbili tu shambani: kusalimia kabla ya kuingia, na kuonja maji. Dawa haimo.

Kusalimia mnakujua. Kuonja maji hamkukukuta chuoni, nami pia sikukukuta.

Shamba letu la mfano lilikuwa ndani ya delta ya Rufiji, mbali na barabara ya Kibiti, mahali pa kufikiwa kwa mtumbwi. Huko mpunga hunyweshwa kwa nguvu ya bahari, na mtu wa bara akielezwa hivyo kwa mara ya kwanza hudhani anataniwa. Maji yanapojaa, bahari huusukuma mto urudi nyuma. Mto ukiwa na nguvu, yanayopanda katika vijito ni maji matamu, na mkulima hufungua mlango wa mbao uliomo ndani ya tuta akayaingiza shambani. Mto ukiwa dhaifu, yanayopanda kwa njia hiyohiyo ni chumvi. Kwa macho hayatofautiani, yote yana rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo mwenye kufungua mlango huchota kiganja kimoja, huonja, hutema, ndipo hufungua. Mwaka ule mvua za bara zilikuwa zimechelewa, na mto ulikuwa mchovu.

Tena mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilianza karibu pamoja. Wenyeji wetu, Waislamu wote, walikuwa wamefunga. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salum, akaona kwamba badala ya watu kubishana kila siku kama kuonja maji ya kijito kunabatilisha saumu, kazi ya kuonja apewe asiyefunga. Asiyefunga alikuwa msaidizi wangu, Elia Kapaya, bwana shamba kijana kutoka Tabora. Sisi Wakristo tulikuwa wachache pale, wafanyakazi wa serikali na wake zao. Jumapili tulisali katika darasa la shule, na Elia ndiye aliyetuongoza. Alikuwa na sauti nzuri na bidii ya kutisha.

Basi nilikuwa na pampu yangu magotini niliposikia kelele. Aliyekuja akikimbia juu ya tuta, pindo la kanga likiwa menoni, alikuwa Bi Mwanahawa, mjane ambaye majaruba yake, vile vishamba vilivyozungushiwa matuta, yalikuwa ya kwanza kupokea maji kutoka mlangoni.

"Bibi shamba! Njoo uonje! Mimi nimetia ulimini nikatema, Mungu anisamehe. Njoo uonje mwenyewe!"

Nilichota kwenye jaruba lake. Wanangu, nimeonja chumvi mara nyingi katika maisha yangu, lakini ile ilikuwa bahari yenyewe. Mpunga ulikuwa na mimba. Zilikuwa zimebaki siku chache uchanue. Maji yalikuwa yamekwisha kuenea katika majaruba yote nyuma ya tuta, yametulia, yanang'aa, mazuri kuyatazama.

Elia alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono ikining'inia.

"Elia, ulionja?"

"Sikuonja, mama."

"Kwa nini?"

"Nimefunga."

Nilidhani sikumwelewa. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba aliwaona wenyeji wanavyofunga, bila hata tone la maji mchana kutwa, akaona aibu kwa Kwaresima yetu ya kuacha nyama. Akaweka nadhiri kwamba hatatia kitu ulimini hadi jua lizame. Hakutuambia, kwa sababu aliamini kwamba mfungo ukitangazwa hupoteza thawabu. Maji aliyanusa, na jana yake yalikuwa matamu.

Bi Mwanahawa alimtazama kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kapu la nguo. "Sisi tumeazima ulimi wako kwa kuwa wetu una saumu," alisema, "na wewe umeufungia ndani?"

Hapa niwaachie ujuzi kidogo, kwa kuwa jambo hili litawapata. Chumvi ikiingia, msikimbilie kufunga mlango kwa hofu, maana mtaifungia ndani. Ngojeni maji yaanze kupwa, mfungue wazi, mkate na tuta upande wa chini, yatoke yote kabla jua halijayakausha juu ya udongo. Kisha tafuteni maji matamu ya kuosha. Sisi tulifanya hayo yote, Elia akichimba kwa mikono kama mtu anayefukua kaburi la mtoto wake. Lakini maji matamu ya kuosha hayakuja. Wiki ile majani yakaungua ncha, na mashuke yaliyotoka yalikuwa meupe, mepesi, matupu. Upepo ukipita yalilia kama karatasi.

Mzee Salum aliitisha mkutano baada ya sala ya Ijumaa, barazani pa ghala la ushirika. Ghala lilikuwa tupu, kwani wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na mizani yao hadi mlangoni kwa mkulima, na popo walikuwa wamehamia ndani. Elia alisimama mbele ya wote, wala hakutafuta kisingizio. Alisema, "Nilipewa kazi ya kuonja, sikuonja. Mpunga wenu nimeuua mimi."

Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kumtorosha kwa mtumbwi. Mzee Salum aliinamisha kichwa, akazungumza kwa muda na wazee wenzake na akina mama waliokuwa upande wa pili, akarudi.

"Kijana, umetuumiza," alisema. "Njaa hii tutaila sisi, si wewe, wewe una mshahara. Lakini hukukusudia, na umesema kweli bila kuvutwa. Nasi tuko katika mwezi ambao kila mmoja wetu anaomba asamehewe yake. Tumekusamehe. Tuna mihogo kule juu kwenye mchanga. Kaa na watu."

Nilipigwa na butwaa. Nimekulia katika nyumba ya Kikristo, nimefundishwa msamaha tangu sijajua kufunga kamba za viatu, na bado nilikaa barazani pale nikingoja sehemu ya pili ya hukumu. Haikuja. Watu walikung'uta nguo zao wakaenda kulala kidogo, kwa maana jua lilikuwa kali na matumbo matupu.

Mshtuko wa pili ulinijia polepole. Elia hakukaa na watu.

Alianza kuamka kabla ya wote kwenda kutengeneza matuta yao bila kuitwa. Akikaribishwa mkekani, alikaa chini mchangani. Akisalimiwa, aliitikia akitazama miguu yake. Kubwa zaidi, aliacha utani. Yeye alikuwa Mnyamwezi, na watu wa pwani ni watani wa Wanyamwezi tangu zama za misafara. Kabla ya mkasa ule, kumpitisha Elia kijijini ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, kwa sababu kila mwanamke alikuwa na tusi lake la kumtupia na yeye alikuwa na lake la kurudisha. Sasa walimtukana, naye akajibu, "Ndiyo, bibi." Kama hamjaishi pwani hamwezi kujua ukali wa jibu hilo. Mtani asiyerudisha tusi amefunga mlango.

Siku ya Idi Bi Mwanahawa alipika pilau. Ulikuwa mchele wake wa mwaka uliopita, wa mwisho, aliouficha ndani ya mtungi kwa ajili ya siku ile. Alipakua sahani, akaifunika kawa, akaileta mwenyewe hadi mlangoni kwa Elia. Nilikuwepo.

"Chukua, Mnyamwezi, ule unenepe, mifupa yako inatutishia watoto."

"Siwezi, bibi," Elia alisema. "Sistahili kula mchele wako."

Bi Mwanahawa alirekebisha kawa juu ya sahani. Akageuka, akaenda nayo.

Jumapili iliyofuata Elia alituhubiri juu ya msamaha. Naapa, alihubiri vizuri. Mke wa mganga wa zahanati alilia. Alisema kwamba Mwokozi amekwisha kulibeba deni lote, kwamba hakuna kilichobaki cha kuongeza. Jumatatu asubuhi nikamkuta katika jaruba la Bi Mwanahawa, matope mpaka kiunoni, akiinua tuta ambalo halikuwa limeanguka.

Ni katika siku hizo barua ya wilayani ilipofika. Ninyi mmekuta mambo yamekwisha tulia, lakini miaka ile neno "kupunguzwa", yaani kuachishwa kazi, lilikuwa limeingia maofisini, na watu walilinong'ona kama jina la ugonjwa. Niliagizwa nieleze sababu za kuharibika kwa shamba la mfano, na nipendekeze jina la mtumishi mmoja wa kupunguzwa katika kituo changu. Elia alijua. Alinijia barazani siku hiyohiyo.

"Mama, andika jina langu."

"Kwa nini?"

"Ili iwe imelipwa."

"Elia, Jumapili ulihubiri nini?"

"Msamaha, mama."

"Wa nani?"

"Wa wote."

"Na wewe umo ndani ya wote, au umo nje?"

Akakwangua tope kiganjani. Kisha akasema maneno ambayo yamekaa nami tangu siku ile: "Mimi ni mpiga kengele tu, mama. Mpiga kengele huwaita wengine waingie kanisani, mwenyewe hubaki nje kwenye kamba."

Alikuwa amenuia kurudi Tabora bila kazi, bila heshima, na kuishi hivyo. Nilimwona, na niliogopa. Nilijua kwamba nikiliandika jina lile nitakuwa nimemsaidia kujizika, na kwamba nisipoliandika ataandika mwenyewe barua ya kuacha kazi. Nilimwomba anipe muda hadi mwezi uishe.

Nilikwenda kwa Bi Mwanahawa. Alikuwa juu ya dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu ambamo wakulima wa kule hukaa wakifukuza ndege na nguruwe, ingawa mwaka ule hakukuwa na kitu cha kulinda. Nilimwuliza kama bado ana kinyongo.

"Kinyongo!" akasema. "Bibi shamba, unadhani sikulia? Nililia mpaka kanga ikawa chumvi kama lile jaruba. Mimi nasamehe asubuhi. Mchana nikiutazama ule mpunga mweupe roho inanipanda, nasamehe tena. Jioni nikimenya muhogo, nasamehe mara nyingine. Kazi hiyo mimi naifanya. Sasa yeye anakuja kunichimbia tuta langu zima, maana yake nini? Maana yake mimi mwongo. Nilisema nimesamehe, yeye anasema hujasamehe, ngoja nikulipe."

Nilikuwa nimedhani anayekosewa ndiye mwenye kazi ngumu peke yake. Sikujua kwamba anayesamehewa naye ana kazi, ya kupokea, na kwamba akiikataa humtukana yule aliyempa.

"Niachie mimi," Bi Mwanahawa alisema, akishuka ngazi. "Huyu ni mtani wangu. Serikali kaa pembeni."

Wanangu, kilichofuata sikukiruhusu, na kama ningeulizwa ningekikataza. Alasiri moja Elia alikuwa tena tutani na jembe. Wakatokea akina mama kwa mstari, kanga zimefungwa viunoni kama za msibani, Bi Mwanahawa mbele na mkeka begani, wakilia kwa sauti ya kweli kabisa.

"Yoo! Mnyamwezi wetu amekufa! Yoo! Katuacha na nani!"

Watu walitoka majumbani wakikimbia. Mimi nilikimbia pia, nikiamini kwamba amezama. Nilimkuta amesimama mzima, jembe mkononi, kinywa wazi.

"Mimi niko hai, bibi," alisema.

"Hai?" Bi Mwanahawa akawageukia wenzake. "Mmesikia maiti inabisha? Mtu hai hutukanwa akarudisha. Mtu hai huletewa pilau ya Idi akala. Huyu tumemtukana, kimya. Tumempa chakula, hali. Amekufa tangu Ramadhani, tumechelewa tu kumzika. Leta jembe. Maiti hailimi."

Akamnyang'anya. Wakautandika mkeka palepale juu ya tuta, wakamshika mabega na miguu, wakamlaza. Mtu mrefu yule alilala kama mti uliokatwa. Kumlilia mtu aliye hai, na huyo kiongozi wa ibada yetu! Nilimtazama Mzee Salum nikitumaini atakemea, nikamwona naye amefunika mdomo kwa kofia yake. Mama mmoja alinishika mkono: "Wewe ndiye ndugu wa marehemu? Sisi watani hatuinui maiti mpaka tupewe kuku."

Ndipo Bi Mwanahawa akaanza kumsifu marehemu, kama watani wanavyofanya msibani.

"Alikuwa mrefu kama mguu wa dungu, na akili zake zilikuwa hukohuko juu, hazikushuka. Alitembea kama korongo mwenye haya. Babu zake walibeba mizigo kutoka Tabora, mguu kwa mguu, mpaka pwani hapa. Lakini babu zake walikuwa na akili. Walipofika, walitua!" Akainama, uso wake karibu na wake. Sauti ya kilio ilikuwa imekwisha. "Walitua, wakala, wakalala, wakarudi kwao wanaimba. Wewe umefika siku nyingi, Elia. Utatua lini?"

Elia alikuwa akitazama mbinguni, machozi yakimshukia masikioni. Kifua chake kikaanza kutikisika, nami sikujua kama ni kilio au ni nini. Kisha, akiwa amelala vilevile, akasema:

"Na babu zenu walikuwa wapi? Walilala mkekani kama hivi, wakingoja kubebewa!"

Kelele iliyolipuka hapo iliwarusha ndege mikokoni. Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini. "Amefufuka!" walipiga vigelegele. "Mnyamwezi amefufuka, na mdomo wake mchafu uleule!" Bi Mwanahawa alimvuta mkono akamkalisha mkekani, wakamletea muhogo wa kuchemsha, naye akala mbele yao wote.

Nilirudi nyumbani jioni. Katika imani yangu tunafundishwa kwamba aliyebatizwa amezikwa pamoja na Bwana wake na kuinuliwa pamoja naye, na kwamba aliyekufa hadaiwi tena. Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo tangu utotoni. Siku ile niliyaona yakitendwa juu ya tuta la mpunga, na watu ambao hawakuwa na nia hata kidogo ya kunifundisha dini yangu.

Msidhani mambo yalikwisha pale. Vijana wengi wa kanisani huniambia wamesamehewa kwa tarehe, kama watu wanaotaja siku ya kuajiriwa. Elia alisamehewa Ijumaa moja barazani, lakini kuishi ndani ya msamaha alijifunza siku kwa siku, na siku nyingine alishindwa. Kabla wiki haijaisha nilimwona ananyemelea tena tuta la Bi Mwanahawa asubuhi na mapema. Bi Mwanahawa alimfukuza kwa mwiko. Tangu hapo kila walipokutana alimwuliza, "Mnyamwezi, leo mzima au maiti?" Naye ilimbidi ajibu. Siku alizojibu "mzima" alikula popote alipokaribishwa, akafanya kazi yake ya bwana shamba, na kazi hiyo ikawa bora, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatazama mimea badala ya kujitazama mwenyewe. Mkulima humtambua mara moja mtaalamu anayekuja kwake kulipa, na hamwamini. Humwamini anayekuja kumsaidia.

Njaa ya mwaka ule ilikuwa ya kweli. Tulikula mihogo mpaka mwaka ukageuka, na sikuwahi kumsikia mtu akisema kwamba haikuuma.

Mimi mwenyewe nilipunguzwa baadaye, katika zamu nyingine, nikahamia Kibiti, ambako nauza mbegu. Lakini mwezi ule wa Aprili ulipokwisha, Elia alikuja kama tulivyoahidiana. Nilimwuliza kama bado anataka niandike jina lake. Alikaa kitako akafikiri, akasema, "Leo, hapana. Ila kesho sijui, mama." Nikachukua karatasi. Barua niliyoituma wilayani, iliyovuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu katika wiki ya kwanza ya Mei, ilisomeka hivi:

*Kwa Afisa Kilimo wa Wilaya.*

*Yah: Kuharibika kwa shamba la mfano, na jina la mtumishi wa kupunguzwa.*

*Rejea barua yako kuhusu somo hilo. Shamba liliharibika kwa maji ya chumvi yaliyoingizwa bila kuonjwa. Aliyepaswa kuonja ni Bw. Elia Kapaya, Bwana Shamba Msaidizi. Alikiri kosa hilo mbele ya wakulima wote waliopata hasara, nao walimsamehe hadharani, nami nilishuhudia.*

*Nimefikiri sana juu ya adhabu ya kupendekeza, nimeikosa. Waliokosewa hawadai kitu, na sioni jinsi ofisi hii inavyoweza kudai kwa niaba yao kile walichokataa kukidai wenyewe. Bw. Kapaya anaendelea na kazi, na wakulima wameomba aendelee kuonja maji msimu ujao.*

*Kuhusu jina la mtumishi wa kupunguzwa, kituo hiki hakina.*

*Wako katika ujenzi wa Taifa,*
*Bibi Shamba, Kituo cha Delta.*

*Nakala: Bw. E. Kapaya, aisome leo, na kesho aisome tena.*